Resty na karatasi ya vyungu kumi na viwili

Saa nne na nusu asubuhi, katika jiko lililo nyuma ya jengo la wafanyakazi mtaa wa Al Barsha, Dubai, Resty anakoroga sufuria ya karanga za kusaga. Mwiko hauachi kuzunguka, maana karanga ukizipa mgongo tu zinafurika. Jasho linamchuruzika hadi kidevuni na hajishughulishi kulifuta.

"Leo Alhamisi," anatuambia bila kugeuka. "Kesho Ijumaa. Jumamosi ikiisha, jiko langu limefungwa. Unataka nikuambie nini tena?"

Resty ni Mganda wa Masaka, ana miaka arobaini na minne. Tangu mwaka 2013, miaka mitatu sasa, anawapikia walinzi na wahudumu wa hoteli wapatao mia na themanini, Wakenya na Waganda, wanaolala ghorofa za juu. Kiswahili chake amekiokota humu humu jikoni, kwa kugombana na Wakenya kuhusu ugali. Kabla ya hapo alipiga deki miaka miwili hadi magoti yakavimba. Mwiko ndio uliomnyanyua. Sasa unamtoka mkononi, na kilichomponza, jamani, ni karatasi moja aliyoiandika kwa mkono wake.

Kuielewa karatasi hiyo, ni lazima kwanza uzione sahani mbili. Mkenya wa bara akikaa kula, anataka ugali mmoja, mgumu, wa kukatika. Vingi anavitaka pembeni: sukuma wiki, maharagwe, kunde, nyama ya kukaanga. Vyote hivyo anaviita mboga, nyama ikiwemo. Mganda ni kinyume chake. Yeye vingi anavitaka upande wa chakula: matoke, wali, viazi vitamu, muhogo, boga na posho laini, kidogo kidogo, vikilaliana sahani moja, kisha juu yake sosi moja tu. Posho na ugali ni unga ule ule wa mahindi, lakini thubutu kumwambia hivyo Mganda mwenye njaa.

"Kwetu humwekei mgeni chakula cha aina moja," Resty anaeleza. "Ataona umemfukuza. Sosi ni moja inatosha, bora iwe nzito."

Mwezi uliopita msimamizi wa kampuni ya upishi alimletea fomu yenye safu mbili, ya chakula na ya mchuzi, akamwambia awaulize watu wanataka kula nini. Resty alifurahi kupita kiasi. Tangu afike Dubai ofisi ilikuwa haijamwomba ushauri hata wa chumvi. Akapanda ngazi ghorofa baada ya ghorofa, kalamu sikioni.

Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Waganda walimjazia safu ya chakula, Wakenya wakamjazia safu ya mchuzi. Naye, asije akaambiwa anapendelea nchi yake, akaunganisha yote kwenye karatasi moja, kwa mwandiko mzuri wa shule ya misheni. Hata ugali na posho alivipa kila kimoja mstari wake, ili watu wasigombane. Vyakula vikafika saba. Michuzi ikafika mitano.

Kwa Resty ile ilikuwa orodha ya kuchagulia, leo hiki na kesho kile. Nyumbani kwao hakuna anayehitaji kuandika jambo kama hilo. Msimamizi aliisoma kama anavyosoma maagizo yote: kila kitu, kila siku. Akahesabu vyungu kumi na viwili mahali palipokuwa pakipikwa vinne. Wiki iliyofuata ikaja barua. Kuanzia Jumapili ukumbi mzima utakula wali na dengu kutoka jiko kuu, na Resty arudi kwenye usafi, mshahara ushuke kutoka dirhamu 1,200 hadi 800.

"Nilimkimbilia hadi kwenye gari," anasema. "Nikamwambia, sir, vyungu vinne vinatosha, hata vitatu, nirudishie karatasi niandike upya. Akasema khalas, basi, Resty, barua iko kwa arbab, bosi mwenyewe. Akasema watu wako wana tamaa."

Maji yakimwagika hayazoleki. Hata hivyo, kilichomuumiza zaidi Resty hakikutoka ofisini.

Saa sita mchana foleni inaingia ukumbini. Wa mbele ni Gibson, mlinzi kutoka Kakamega, ambaye zamani alikuwa hapiti bila kumtania. Leo anainyoosha sahani kama anayekabidhi kitambulisho getini.

"Anti, sisi tuliomba ugali tu," anasema. "Nyinyi ndio mliandika vyakula saba. Sasa tutakula dengu mpaka kontrakti iishe."

"Nani kasema?" anadakia Siraje, Mganda aliye nyuma yake. "Sisi tulitaka sosi moja. Moja! Mboga tano ni za nani? Anti alituuza kwenu."

Wanazozana hadi mezani. Wengine wanapokea sahani zao bila hata kumsalimia. Resty anapakua, anapakua, na ukimtazama machoni unaona kwamba kulia alishalia siku nyingi.

"Hakuna aliyesema uongo," anasema foleni inapokwisha. "Mimi ndiye nilijiona mwerevu. Ningepeleka karatasi mbili, mbona angeelewa? Watu hawa niliwapenda, bwana. Nilijua nani hali vitunguu. Nilijua nani akiwa mgonjwa anataka uji."

Masaka bado hajawaambia. Mama yake anawatambia majirani kwamba binti ni mpishi mkuu Dubai, na Resty hana moyo wa kumkatiza. Mkataba umebakiza miezi minane, na akiuvunja tiketi ni juu yake. Alikuwa na ndoto ya kufungua mgahawa Kampala. Siku hizi haizungumzii. Tunapomuuliza anatumaini nini, anakwangua ukoko wa sufuria kwanza.

"Nimemwomba msimamizi kitu kimoja," anasema. "Anipeleke jengo lingine. Nipige deki kokote, vyoo, ngazi, popote. Ila si mbele ya watu hawa."

Saa tisa zamu za usafi zinabandikwa kando ya lifti. Resty anakwenda akiwa bado na aproni. Anateremsha kidole kwenye majina, taratibu, kinafika kwenye lake na kusimama hapo.

Jengo ni hili hili. Mahali ni ukumbi wa kulia chakula.

"Inshallah watanipa saa za jioni, wakishaondoka," anasema, kidole kikisogea kulia kutafuta muda. Anausoma, anausoma tena.

"Saa sita mchana," anasema Resty. "Wakiwa wanakula."