Wangoja Maji

Mimi nimeona mengi, na hakuna jambo la dunia hii linaloweza kunishangaza. Nimeishia darasa la nne, lakini saruji na mabati ya nusu ya Malindi hupita mikononi mwangu, na huko Magarini lori zangu mbili zajulikana kwa honi. Hata hivyo, harufu ya tope na mwani, maji yakitoka, hunishika shati. Hunirudisha miaka ya themanini, siku mamangu alipokwenda kubatizwa akakuta bahari haipo.

Tulikaa mtaa wa Barani. Kanisa letu, ambalo leo lina matawi hadi Mnarani, lilianzia kibandani kwa Mzee Kyalo, fundi cherehani kutoka Ukambani. Tulikuwa watu kumi na mmoja, na sheria zilikuwa nyingi kuliko waumini: hakuna kunywa mnazi, hakuna ugoro, hakuna hereni, Jumamosi moto hauwashwi, na ubatizo ni wa kuzama mzima, tena baharini.

"Unywele mmoja ukibaki juu," alisema Mzee Kyalo, "huo umebaki na shetani."

Sisi watoto tulinong'onezana kwamba yeye hana hofu, maana alikuwa na upara.

Baba alikuwa kuli gatini, na dini hakuitaka. Mama alimbembeleza miezi. Mwisho akasema, "Nakupa Jumamosi moja, ya wiki ijayo, asubuhi. Ukirudi umelowa, sina neno. Ukirudi mkavu, habari za Kyalo zimekwisha humu ndani."

Saa nne tulifika ufuoni na kanzu nyeupe. Maji yalikuwa mstari mwembamba huko mbali. Mzee Kyalo, mtu wa bara, alisimama na Biblia yake kama aliyekuta duka limefungwa.

Jirani yetu Bi Zeinabu, aliyekuwa akiuza mahamri pale, akamwambia, "Fundi, leo bamvua, siku za maji kupwa sana. Maji yamekwenda mbali, hayarudi hadi alasiri."

"Hakuna namna, mama?"

"Namna ni kungoja. Bahari haichukui vipimo vya fundi."

Wakajaribu kidimbwi. Mama akalala, kichwa kikazama, magoti yakachomoza. Akakandamizwa magoti, kichwa kikachomoza. Watu walicheka hadi wakakaa chini.

"Haijatimia, dada," akasema Mzee Kyalo.

"Mwenzangu, si umelowa?" Bi Zeinabu akamwambia mama. "Nenda zako. Mumeo atajuaje?"

"Nimelowa, shoga. Sijazama."

Akaketi mchangani, kanzu ikamkaukia mwilini. Adhuhuri ikapita, na ruhusa ya baba ikapita nayo. Waumini wakaimba. Waliokuja kucheka wakachoka kucheka, wengine wakashika kiitikio. Alasiri maji yakafika kifuani, na mama akazama mzima.

Nyumbani baba alikuwa mlangoni.

"Umechelewa."

"Nimechelewa. Lakini nimelowa."

Akampisha.

Jumamosi iliyofuata kibanda hakikutosha. Mji ukatuita Wangoja Maji kwa dhihaka, nasi tukalikubali jina. Hadi leo, hata bahari ikiwa imejaa, kwetu hubatizwi kabla ya kuketi ukangoja.

Mwaka juzi baba, miguu imekwisha, akataka naye kuzama. Kubebwa hadi baharini akakataa. Nikajenga birika kanisani, vigae vya buluu, kazi safi. Wazee wa kanisa wakashikilia kwamba desturi ni desturi: bomba likafunguliwa kidogo tu, naye akakaa kwenye kiti cha plastiki, mama kando yake, akitazama maji yakipanda.

"Mama Karisa," akasema, "ile Jumamosi niliichagua mimi. Kuli wa gati hakosi kujua bamvua."

Mama hakugeuka. "Nilijua tangu nilipouona ufuo."

Nami ndipo nilipofahamu, mvi kichwani, kwamba siku ile mchangani mamangu hakuwa akingoja maji tu. Alikuwa akimngoja na baba.

Birika, vigae, bomba na ujira wa fundi: shilingi laki tatu, elfu kumi na mbili, mia sita na hamsini.