Mwenye Boma Haondoki

Kila Jumapili nikitoka kanisani mpenzi wangu hunipigia simu. Mimi niko Matisi, hapa Kitale, katika chumba ambacho nusu yake ni cherehani na nusu ni kitanda. Yeye hupiga kutoka Ulaya, wakati wa mapumziko mafupi kazini kwake, katika nyumba ya kutunzia wazee. Alianza Uarabuni, kazi za ndani, akipelekwa na ajenti. Mkataba ulipoisha akapata nafasi hiyo, na huko aliko wanawake wawili wanaopendana huenda ofisi ya serikali wakaandikisha ndoa, kisha mmoja akamwombea mwenzake kibali cha kuishi. Kwetu hakuna ofisi kama hiyo. Mwenye nyumba akisikia umbea tu, unatafuta chumba kingine.

Tuliishi hapa tukiitwa "wale dada wawili". Jioni yeye ndiye aliyekuwa akinitungia uzi kwenye sindano, macho yangu yakiwa yamechoka. Siku hizi nikichoka nafunika cherehani mapema.

"Fundi, njoo," aliniambia Jumapili moja. "Huku nikisema mke wangu, hakuna anayegeuka kuangalia."

"Na Mama?"

"Si umwambie."

"Rahisi kusema. Wewe uko mbali na kofi lake."

"Kofi lake nalijua, bana. Si nilipata langu siku nilipounguza maharagwe?"

Basi nikaenda Bungoma. Mama anaishi karibu na Kibabii, na nilimkuta uani akipukuchua mahindi. Nikakaa naye kwenye turubai, nikachukua gunzi, nikamwambia yote: kwamba yule hakuwa dada, kwamba ananiita niende tuoane. Hakuinua kichwa. Punje ziliendelea kudondoka.

"Mahari analeta nani?" akauliza.

Nilicheka kwa woga. Lakini Mama alizaliwa mlimani, Elgon, na huko kuna jambo linalowachanganya wageni, kwa hiyo nilieleze polepole. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume aliweza kumwoa msichana. Alilipa ng'ombe, msichana akahamia kwake, na watoto aliowazaa na mwanamume wa nje wakawa wa boma la yule aliyelipa. Huyo aliyelipa aliitwa mume. Kitanda hawakushiriki, ndoa ile ilikuwa ya ardhi na ya jina. Nyanya yangu alioa hivyo hivyo, na hakuna aliyemnyooshea kidole.

"Mama, sio hiyo," nikasema. "Sisi tunapendana."

"Ati unanifundisha! Si nimesikia? Lakini wamama wa kanisa wakiniuliza, nitasema binti yangu ameoa kama nyanya yake. Nani atabisha?"

Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Sikuwa nimejiandaa kutetewa, na machozi yalinitoka hapo hapo kwenye mahindi.

"Ila mwenye boma haondoki," Mama akaendelea. "Mke ndiye huja. Mwambie arudi. Atalala kwa ile nyumba ndogo ya hapa uani, na wewe utalala kwangu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa."

Alisema kwa upole, kama mtu anayekugawia kipande kikubwa cha alichonacho. Na kweli alikuwa amenipa kila kitu alichoweza kunipa.

Jumapili iliyofuata nilimweleza mpenzi wangu. Aliposikia habari ya mahari alicheka mpaka akakohoa.

"Si wewe ndiye mume? Basi nunua ng'ombe, na awe wa maziwa!"

Nikafika kwenye habari ya nyumba ndogo. Kicheko kikaisha.

"Kwa hivyo huko nitaitwa mke wako mchana kweupe," akasema, "na sitakugusa."

"Ndiyo."

"Na huku nitakugusa, na Mama atazeeka peke yake."

Palipo na sheria ya kutuoza hakuna Mama, na aliko Mama kuna jina tu.

"Mwambie asante," akasema baadaye. "Mwambie nimelia. Usimwambie nimeamua nini."

"Umeamua nini?"

"Sijaamua. Na wewe?"

Kabla sijasema, kengele ililia upande wake. Mzee mmoja alikuwa akimwita.

"Usikate, Fundi," akasema, akaondoka bila kuzima simu. Nikakaa kitandani nikimsikiliza akimbembeleza mtu nisiyemjua, kwa lugha nisiyoielewa, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiniamshia asubuhi.