Aliyeanguka Katikati ya Picha

Niliondoka Toronto kwa hasira, na sioni haya kulisema. Chama chetu cha wapiga picha kilikuwa kinaandaa maonyesho ya majira ya baridi, na wenzangu sita walikuwa wanakwenda Milima ya Rocky kupiga picha za mashindano ya ski, yaani kuteleza juu ya theluji kwa mbao mbili zilizofungwa miguuni, yale ya watu wanaojirusha kutoka kwenye miamba na kuteremka mahali ambapo hata mbuzi angefikiri mara mbili. Nilipoomba kuungana nao, mwenyekiti alinijibu kwa upole. "Nasrin, wewe ni hodari wa picha za harusi. Kule wanahitajika watu waliozoea theluji tangu utotoni."

Mimi nilizaliwa Tanga. Wakati huo nilikuwa na miaka hamsini na mitatu, nikifanya kazi katika duka la dawa. Nilimshukuru, nikarudi nyumbani na kukata tiketi yangu mwenyewe.

Alhamisi, alfajiri. Ninaishi na mama yangu ghorofa ya kumi na mbili, mtaa wa Flemingdon Park. Alinikuta mlangoni nikifunga stendi ya kamera kwenye begi.

"Unakwenda kumwonyesha nani?" aliuliza.

"Mwenyekiti."

"Basi vaa soksi mbili."

Nikavaa mbili, nikashuka kusubiri basi.

Calgary, mchana. Kutoka uwanja wa ndege nilipanda basi jingine kuelekea magharibi. Theluji ya mjini kwetu huwa ya rangi ya matope siku ya pili tu. Ile niliyoiona dirishani ilikuwa nyeupe mpaka inaumiza macho, na milima ilikuwa mipana kuliko kamera yangu. Milima ya namna hiyo hupigwa vipande vipande: unaisimamisha kamera wima kwenye stendi, unaizungusha taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, kila picha ikigusa kidogo iliyotangulia, kisha nyumbani unaziunganisha kwenye kompyuta ziwe picha moja ndefu.

Jioni, kijiji cha wateleza ski. Nilikodi chumba kwa mtu anayeitwa Baraka, mzaliwa wa Bukavu, Kongo, aliyekuwa akiendesha viti vya kamba vinavyopandisha watu mlimani. Alinisikia nikizungumza na mama kwenye simu, akacheka kwa furaha.

"Mama, weye unatoka wapi na Kiswahili kizuri hivi?"

Tulikula wali kwa maharage, nikamweleza shida yangu. Mashindano yalikuwa Jumamosi, na wapiga picha wote wangewekwa chini, nyuma ya uzio. Nilitaka kupanda kilima cha upande wa pili, niuone ukuta mzima wa mlima.

"Kule hakuna kiti cha kamba," alisema. "Ni kutembea tu, masaa matatu, na upepo ni mubaya."

"Nitatembea matano."

Akakusanya sahani. "Jumamosi sina kazi," alisema hatimaye. "Tutaenda wote."

Jumamosi, asubuhi. Baraka aliwauliza kwanza walinzi wa mlima kuhusu hatari ya maporomoko ya theluji. Walituruhusu, kwa sharti tuwe tumeshateremka kabla ya saa nane mchana. Tulivaa viatu vipana vya kutembelea juu ya theluji, tukaanza. Magoti yaliniuma tangu nusu saa ya kwanza. Kila Baraka alipogeuka kuniuliza kama turudi, nilimpita.

Tulifika masaa manne baadaye. Chini kabisa niliwaona wenzangu kama punje za pilipili manga nyuma ya uzio wao.

Baridi iliua betri ya kwanza mtelezaji wa kwanza akiwa bado angani. Nilitoa ya pili kwapani, nilikokuwa nimeificha ipate joto. Ikafa pia. Nilibaki na moja, na wingu lilikuwa linashuka mlimani. Baraka alitazama saa. "Mmoja tu, mama. Kisha tunashuka."

Akatokea mwanamke aliyevaa nyekundu, juu kushoto. Nikaanza kuzungusha kamera. Aliruka mwamba wa kwanza, akatua, akakata kuelekea kulia. Mwamba wa pili ukamshinda. Alibiringika, ski moja ikaruka, akalala kimya.

Nilitaka kufunga macho. Mkono ukaendelea kubonyeza. Kisha akainuka, akajipangusa uso, na kuteremka kwa mguu mmoja, juu ya ski iliyobaki, mpaka chini. Wingu likafunika kila kitu.

"Umemupata?" Baraka aliuliza.

"Nimempata."

"Hata pale alianguka?"

"Hata pale."

Toronto, wiki iliyofuata. Nilipounganisha vipande, mwanamke yule alionekana mara tano katika mlima mmoja: kileleni, angani, chini kalala, amesimama, na mwisho wa mteremko. Nikaichapisha picha kwenye karatasi ndefu, nikaipeleka chamani. Mwenyekiti aliitazama, akasema ndiyo picha bora ya mwaka ule.

"Ila mwondoe pale katikati," aliongeza. "Watu wanakuja kuona ushujaa. Ni kazi ya dakika tano."

"Alianguka."

"Najua, Nasrin. Lakini bila hivyo sitaitundika."

Nikaikunja picha yangu, nikaondoka nayo. Sijarudi kwenye chama kile.

Nilichojifunza ni kidogo, lakini sikiachii: ukishapewa kuuona mlima mzima, huna ruhusa ya kuchagua kipi kilitokea juu yake.

Maktaba ya mtaani kwetu ilinipa ukuta mzima niitundike. Siku ya kwanza nilimpeleka mama, na kigari chake cha kutembelea. Alianzia kushoto, akasimama katikati.

"Huyu amekufa?"

"Hapana, Mama. Endelea."

Akasukuma kigari polepole, akafika mwisho wa picha, akavaa miwani na kuinama.

"Yuko wima," alisema.