Chungu cha Watu Kumi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kitambaa nifute mashine, nami nikaifuta kwa adabu kama naosha mtoto mchanga. Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimekwisha juzijuzi. Mashine yenyewe ilikuwa trekta ndogo ya kutembea nayo: magurudumu mawili, mikono miwili ya kushikia, na nyuma visu vinavyozunguka kupasua udongo. Nyinyi wajukuu mnaziona dukani mnapita tu. Mimi, haki ya Mungu, nilipoisikia ikinguruma niliruka nyuma na kitambaa changu mkononi.

Mkubwa wetu pale karakana ya Kisauni, Fundi Mkuu, alikuwa mkali kama pilipili. Akinionyesha klachi, ile ya kuunganisha na kuachanisha injini na magurudumu, alisema, "Ukiiachia ghafla itakuburuta mpaka Shanzu, na mimi sikufuati."

Tulitumwa Utange kwa Mama Kadzo, mjane. Masika yalikuwa yamekaribia, mbegu zake za mahindi zimening'inia juu ya meko zikipata moshi, na shamba bado pori. Kila mwaka aliita mweria, ujima wa majirani: wao hulima, mwenye shamba hupika. Mwaka ule wanaume wengi walikuwa bandarini, na wengine walioitwa hawakuja. Mvua ikimpita, watoto wake wangekula nini?

Fundi Mkuu alikuwa amemtumia salamu kwamba mashine yetu hufanya kazi ya watu kumi.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni." Akachungulia nyuma yetu. "Mbona mko wawili? Wenzenu wako wapi?"

"Wenzetu ndio hii," akasema Fundi Mkuu, akiigonga mashine.

"Ala! Na mimi nimepikia watu kumi!"

Kweli, palikuwa na chungu kikubwa cha kunde za nazi na sima ya kulisha harusi. Fundi Mkuu akacheka mpaka akashika mbavu. Mama Kadzo hakucheka. Akiba yake yote ilikuwa mle.

Tukawasha. Loo! Ardhi ilifunguka laini kama nazi iliyokunwa. Mama Kadzo akaziba mdomo kwa leso. Majirani wakatoka kila upande kuja kushangaa, hata wale walioitwa kulima wasije. Alasiri shamba lote lilikuwa limelimwa, na wingu limetanda.

"Na kupanda je?" akauliza.

Fundi Mkuu akazima injini. Mashine yetu haikujua kupanda.

Mama Kadzo akautazama ule umati, akafunua chungu. "Jamani, njooni mle. Kitapoa bure."

Wakala. Na kule, aliyekula chakula cha mweria hapangusi mikono akaenda zake. Walilijua hilo, na wakala vilevile. Kisha wakashika majembe, wakapanda. Fundi Mkuu naye alikuwa amekula, akatiwa mbegu mkononi, akainama na kaptura yake ya kaki. Mvua ilitukuta kwenye mstari wa mwisho.

Baadaye nilihamishiwa Changamwe, kisha Likoni, mpaka nikastaafu. Kila shamba nililofika, kabla ya kuwasha injini nilimuuliza mwenyewe, "Umepika?" Wakubwa wakanidhani mlafi, nikawaacha.

Mashine zilinistaajabisha miaka yote. Lakini machozi yalinitoka siku ile ya Utange, nilipomwona Mama Kadzo akikwangua chungu kitupu, mvua ikimpiga mgongoni, naye anacheka peke yake.