Maua Yasiyoliwa na Mbuzi

Boga Matano alikuwa mtunza bustani wa hoteli moja Diani, na laiti angebaki kutunza bustani. Lakini mwaka ule wa mvua za El Nino, mgeni wa Kijerumani alimwonyesha yale maua ya rangi ya waridi yanayojiotea makaburini, akamwambia humo hutoka dawa ya saratani ya damu ya watoto. Basi. Boga hakuuliza inatokaje. Alirudi Ukunda na gunia la majani, akashona kanzu mpya, na tangu siku ile asiyemwita Daktari hakuitikiwa.

Mbuzi wa Ukunda hula hata makaratasi, lakini maua hayo huyapita. Hanifa, mke wa mdogo wake Boga, aliona mbuzi wamemshinda shemeji yake akili, ila hakulisema. Mwanawe Alamin alikuwa na saratani hiyo hiyo, na kila wiki alimvusha kwa feri ya Likoni kwenda kuchomwa sindano hospitali kubwa ya Mombasa. Huko alimwuliza nesi Jacinter, mtu wa bara, habari za majani.

"Mama, ni kweli hii sindano imetoka kwa hiyo maua," Jacinter alisema. "Lakini wanatumia majani lori nzima kupata kadawa kadogo, na inapimwa na kilo za mtoto. Ukichemsha nyumbani, hiyo ni sumu unapea mtoto."

Boga naye alileta chupa ya majani yaliyochemshwa kila asubuhi. Hanifa aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Alamin alinyonyoka nywele, akakonda, kisha damu yake ikasafika. Aliyevuna sifa ni nani? Boga! Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu alilitia maji kabla hajasifiwa. Akawa anamketisha mtoto barazani, anamwonyesha kwa watu kama papai la kuuza.

Ndipo siku moja, Hanifa naye yupo barazani, akaja mama mmoja, Mbeyu kutoka Bongwe, amembeba binti yake mwenye saratani ile ile, mtoto mweupe macho kwa kukosa damu.

"Nataka nimwachishe sindano," alisema. "Zinamtapisha mno."

"Mwachishe!" Boga alidakia. "Wazungu huchuma kwetu wakatuuzia sisi wenyewe. Shemeji, hebu mwambie mwenzio mwanao amepona kwa dawa gani."

Kumuumbua shemeji mkubwa mbele ya watu si jambo dogo, na Hanifa alilijua hilo. Alimtazama yule mtoto. Akinyamaza, mtoto huyo atakufa.

"Niwie radhi, shemeji. Alamin hakunywa hata funda moja. Kila chupa uliyoleta nimeimwaga chooni, na sindano hakukosa."

Boga aliinuka, akamnyoshea kidole.

"Huna adabu!" alisema.

"Sina," Hanifa alijibu, akamgeukia Mbeyu. "Sindano yake ni siku gani, mwenzangu?"

"Ilikuwa leo asubuhi."

Hanifa hakungoja hata kuliweka buibui lake sawa. Alimbeba mtoto yeye mwenyewe, akapita mbele ya Boga bila kumuaga, akashika njia ya Likoni.