Mama wa Kompyuta za Maji

Pale kwenye mitambo ya maji ya mji wetu, huku Jutland nchini Denmark, kuna mama anayelinda kompyuta zisiingiliwe. Ukienda kumimina kahawa ukaiacha kompyuta yako wazi, ukirudi utakuta ameshaifunga na kubandika kikaratasi cha njano: "Pampu zinakusalimia." Mimi ninavyo kumi na kimoja. Vidole vyake vifupi, kucha kazikata hadi nyamani, na sauti yake ni ya chini, ya mtu asiyezoea kurudia neno. Mkate wake mweusi na samaki hula kasimama, macho kwenye skrini.

Ijumaa moja asubuhi akaona mtu asiyejulikana kaingia kwenye kompyuta ya pampu kwa nenosiri la Preben, mkurugenzi wetu. Maji yenyewe hayakuguswa. Preben akaja mbio, kipande cha keki mkononi.

"Tusubiri Jumatatu bwana, tuwe na uhakika. Magazeti yatatucheka."

"Sheria ya Ulaya inatupa saa ishirini na nne kuiarifu serikali, hata kama bado hatujui kitu," mama akasema, huku anachapa. "Huyo mtu labda sasa hivi yuko mlangoni kwa kompyuta za jirani zetu wa miji mingine. Nao wanakunywa maji."

"Basi jina langu umeliweka?"

"Nimeandika cheo tu."

Preben akashusha pumzi.

"Ila mkurugenzi tunaye mmoja," nikachomekea.

Mama akabonyeza, taarifa ikaenda. Ndipo akamsogezea Preben kiti. "Kaa hapa karibu na simu. Wakipiga, wataanza na wewe."