Hakuhesabu Tarumbeta

Ukungu wa Kisondela haujainuka. Agness anavua kandambili, anapandisha kitenge hadi magotini na kuingia mtoni, mkungu wa ndizi kichwani. Juu yake limekaa daraja jipya la waenda kwa miguu, matao mawili ya chuma yaliyopakwa rangi ya bluu. Lina geti, na geti lina kufuli.

Ukingoni amesimama aliyelichora na kulipigia hesabu, mhandisi Atuganile Ambindwile. "Mugonile, mama," anasalimia. Agness anapita bila kuitika, na huku Rungwe salamu isiyoitikiwa ni tusi.

"Nimezoea," anasema Atuganile. Uongo mtupu, macho yake yanamsuta.

Ni mzaliwa wa hapa hapa. Utotoni alivushwa mto huu mgongoni kwa baba yake, mzee Ambindwile, kiongozi wa bendi ya matarumbeta ya kanisani. Alipopata kazi Tukuyu, mradi wa kwanza alioupigania ni huu.

"Nilihesabu watu wamejaa kutoka mwisho hadi mwisho, na mikungu vichwani," anaeleza. "Chuma kilibeba, kikabaki na nguvu. Ila niliwahesabu kama watu wa sokoni, kila mmoja na mwendo wake. Sikuhesabu tarumbeta."

Nani hapa asiyejua kwamba marehemu hazikwi kimya? Msiba wa kwanza kupita darajani uliongozwa na baba yake mwenyewe. Bendi ikapiga, waombolezaji wakaingia kwa mguu mmoja, kushoto, kulia. Kila daraja lina mtikisiko wake wa asili, na hatua zile zikaangukia humo humo. Sakafu ikayumba upande hadi upande, watu wakakimbia wakikanyagana, jeneza likaanguka.

Hakuna chuma kilichopinda. Lakini jeneza kuanguka ni aibu kubwa, na wiki ile ile daraja likafungwa. Vijiweni likatoka neno: binti kala vyuma.

Hafidhi, fundi wa mjini Tukuyu aliyeyachomelea matao, naye hakupona. "Hata geti la banda la kuku hawaniletei siku hizi," anafoka. "Waje waone kama kuna sehemu hata moja niliyochomelea imeachia!"

Masika yaliyofuata, mto ukamchukua Wilson, mume wa Agness, akivuka na baiskeli yake. Alifia chini ya daraja zima.

"Daraja langu halijaua mtu," anasema Atuganile. "Kufuli ndilo limeua. Lakini kufuli lililetwa na nani? Mgeni angesamehewa. Mimi nimelelewa kwenye nyumba yenye tarumbeta ukutani."

Siku ya kumzika Wilson, bendi ilipita majini, matarumbeta juu ya vichwa, bila mlio. Atuganile alitazama kutoka ukingoni, na hakuna aliyemwita.

Dawa anaijua: mabomba ya chuma ya kuyaunganisha matao kwa juu, na mengine chini ya sakafu, ili daraja likakamae lisiufuate mguu wa watu. Amepiga hesabu upya, safari hii na bendi ndani yake, na baada ya kuzungushwa sana amekubaliwa. Hafidhi ataanza kuchomelea kiangazi hiki. Kufuli litatoka bendi ikivuka inapiga na daraja likatulia.

Alipokwenda kumwomba baba yake, mzee alikuwa anasugua tarumbeta kwa kitambaa. Hakuinua uso.

"Nitapiga, gwe mwana," alisema. "Lakini mbele utatangulia wewe."

"Nitatangulia," anasema Atuganile sasa, akimtazama Agness anayerudi kutoka sokoni bila mzigo. Anamweleza habari za mabomba, haraka haraka, kama mtu anayeogopa kukatizwa. Anamwomba awepo siku hiyo.

Agness anasimama. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, anamjibu.

"Fungueni, watoto wapite," anasema, akivua kandambili. "Mimi nitapita majini."